USIACHE MBACHAO: VITI VYA ZAMANI NA MAHINDI YA GHALANI

(Haya ni mazungumzo ya katibu wa tawi kwenye mkutano wa wanaushirika. Yamenakiliwa hapa ukutani kwa ajili ya waliokuwa shambani siku ile. Anayejua kusoma amsomee jirani yake.)



Habari za mbolea na mizani mwenyekiti amekwisha zimaliza, mimi sizirudii. Nimeomba nafasi nizungumze habari za viti, meza na vitanda. Naona kuna mtu anacheka kule nyuma. Cheka ndugu yangu, lakini usiondoke, maana mwisho wa maneno haya utakuta yanahusu mahindi yako.

Kwanza nianze na kosa langu mwenyewe. Kiongozi akitaka kuwaambia wenzake jambo, aanze kwake.

Mwaka jana baada ya mavuno niliuza magunia 8 ya mahindi. Kila gunia shilingi 75,000, jumla shilingi 600,000. Nikapanda gari mpaka mjini nikanunua seti ya sofa. Kitambaa chekundu, kinang'aa, mikono minene kama mgomba. Nilipoishusha hapa watoto wa kijiji kizima walinifuata. Na mimi nikajiona nimefika.

Sasa viti vya zamani nikavifanya nini? Marehemu baba aliacha viti 4 vya mninga na meza yake. Vilikuwa vimelegea, vimechakaa rangi, vinalia ukikaa. Nikavitupa kwenye banda la mbuzi. Kimoja, siku moja ya mvua kuni zilipoloa, nilikipasua mwenyewe kwa shoka tukapikia ugali.

Ukafika mwezi wa 2. Ghala langu tupu. Katibu mzima nikaanza kuzunguka kutafuta mahindi. Gunia nililoliuza kwa 75,000 nikalinunua kwa 120,000. Nilinunua magunia 3. Pigeni hesabu wenyewe: kila gunia nimepoteza 45,000, magunia 3 ni shilingi 135,000 zimekwenda na upepo. Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Mimi sikukopa, lakini matanga niliyalipa.

Na sofa je? Mwezi wa 4 alikuja mkwe wangu kututembelea. Nikamkaribisha kwenye kiti kikubwa. Alipokaa tu, mguu ukang'oka, mkwe akaenda chini. Jamani, mnajua wenyewe aibu ya mkwe kuanguka nyumbani kwako. Nilipoligeuza lile sofa na kulifunua kitambaa chini, nikakuta mbao mbichi za maboksi, zimeshikwa kwa pini, na matundu ya wadudu tayari.

Mama yangu alikuwa amekaa pale mlangoni juu ya mkeka. Ni mzee sasa, lakini ni mmoja wa wale waliosoma kisomo cha watu wazima katika miaka ya 1970. Akaniambia maneno machache tu: "Usiache mbachao kwa msala upitao. Wewe mbacha wako umewapa mbuzi."

Vijana, mbacha ni mkeka mkuukuu, umechakaa lakini ni wako. Msala ni mkeka mzuri wa kuswalia, lakini huo unapita na mwenyewe. Maneno hayo yaliniingia. Kesho yake nikaenda bandani, nikaviosha vile viti 3 vilivyobaki na ile meza, nikamwita fundi seremala wetu. Nikamwambia sitaki unifanyie, nataka unifundishe. Ninayowaeleza sasa ndiyo niliyojifunza, na nimeyafanya kwa mikono yangu hii.

JAMBO LA KWANZA: UJUE ULICHONACHO

Kabla hujatupa kitu, kwangua kidogo mahali pasipoonekana, chini ya kiti au ndani ya mguu. Utaona mbao yenyewe. Nyumba nyingi hapa zina mninga, mkongo au mvule waliouacha wazee, umefichwa na moshi na rangi. Mti wa mninga huweza kuchukua miaka 70 na zaidi mpaka ufae kupasuliwa mbao. Ukichoma kiti cha mninga unachoma mti ulioanza kukua kabla hujazaliwa. Kiini chake mchwa hawakipendi, na mbao ikikauka haijipindi ovyo. Ndiyo maana kiti cha baba kimekaa na mavi ya mbuzi miezi kadhaa, nikakiosha, kikawa kiti.

Halafu kagua wadudu. Ukiona njia za udongo, huyo ni mchwa. Ukiona vitundu vidogo na unga mweupe unamwagika chini, hao ni wadudu watoboao mbao. Na dumuzi pia, yule anayekula mahindi ghalani, hutoboa mbao. Mdudu huyu alijulikana kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1980 huko Tabora, na asili yake ni jamaa ya wadudu wa mbao. Kwa hiyo usiweke kiti kibovu kilichojaa matundu karibu na ghala, unamfugia mwizi. Sehemu iliyooza au kutobolewa sana, ikate uweke kipande kipya. Dawa ya shambani, kama ile ya pamba, usiipake kwenye kitanda wala kiti. Ile ni sumu, na wewe unalalia.

JAMBO LA PILI: KITI KILICHOLEGEA HAKITAKI MSUMARI

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Kiti kikilegea tunachukua msumari wa nchi 4, tunagonga. Siku mbili kinatulia, ya tatu kinapasuka. Sababu ni hii. Kiti kimeungwa kwa ulimi wa mbao unaoingia kwenye tundu. Msumari unaupasua ule ulimi, na ulimi ukipasuka kiti kimekufa.

Fanya hivi. Gonga taratibu kwa kipande cha mbao, si kwa nyundo tupu, mpaka viungo viachane. Kila kipande kitie alama kwa chaki, huu mguu wa kulia mbele, huu wa kushoto nyuma, usije ukachanganya. Kwangua gundi yote ya zamani kwa kisu au patasi, maana gundi mpya haishiki juu ya gundi kuukuu. Ulimi ukiwa umepungua na unacheza tunduni, upake gundi, uzungushie randa jembamba la mbao, yaani lile linalotoka kwenye randa la fundi, kisha uurudishe.

Gundi yenyewe ni ile nyeupe ya mbao, inauzwa dukani. Baada ya kuunga, kiti kinatakiwa kubanwa. Fundi ana jiliwa, wewe huna. Chukua mpira wa ndani wa baiskeli uliokwisha kazi, ukate uwe ukanda mrefu, uzungushe kwenye miguu ukiuvuta kwa nguvu, ufunge. Au tumia kamba ya katani, uifunge kisha utie kijiti katikati, usokote mpaka ikaze. Futa gundi iliyotoka nje kwa kitambaa chenye maji. Halafu kiache siku nzima, usiku na mchana, asikikalie mtu. Mimi mtoto wangu alikikalia baada ya saa mbili, ikabidi nianze upya.

JAMBO LA TATU: MEZA INAYOYUMBA

Kuna bwana mmoja meza yake iliyumba. Akakata mguu mmoja, ikayumba upande wa pili. Akakata wa pili, ikayumba wa kwanza. Akaendelea hivyo mpaka meza ikawa kigoda. Tusiwe kama yeye.

Weka meza juu ya sakafu iliyo sawa kabisa, kama ya ghala letu hili. Chini ya mguu mfupi tia vipande vya karatasi ngumu mpaka meza itulie. Chukua kibao kidogo, kilaze sakafuni, weka penseli juu yake, uzungushe kwenye kila mguu. Utapata mstari wenye kimo kimoja miguu yote minne. Kata hapo kwa msumeno, mara moja tu. Kwisha kazi.

JAMBO LA NNE: MSASA NA VANISHI

Msasa una namba nyuma yake. Namba ndogo ni msasa mkali, namba kubwa ni laini. Anza na 80 kutoa uchafu na rangi, fuata 120, malizia na 180 au 240. Sugua kufuata nyuzi za mbao, usikate nyuzi, maana mikwaruzo ile itaonekana ukipaka vanishi. Kwenye ufa au tundu la msumari, changanya vumbi la mbao ile ile na gundi, upate uji mzito, ujaze mpaka izidi kidogo, ikikauka sugua iwe sawa.

Hapa nataka akina mama na akina baba wenye watoto wadogo wasikilize. Rangi nyingi za zamani zilitiwa risasi, na risasi ni sumu, hasa kwa akili ya mtoto. Kitu kilichopakwa rangi miaka mingi iliyopita usikisugue kikavu, vumbi likaruka. Kiloweshe kwanza, tumia msasa wa maji, fanyia nje, funga kitambaa puani, watoto na kuku wawe mbali. Yale matope ya rangi yakusanye uyafukie mbali na kisima na bustani, na unawe kabla hujala.

Vanishi paka mkono wa kwanza ukiwa mwepesi, umechanganywa na tina kidogo. Paka kivulini, siku isiyo na mvua wala upepo wa vumbi. Acha ilale. Kesho pitisha msasa laini kidogo, futa vumbi, paka mkono wa pili. Usipake karibu na jiko wala koroboi, vitu hivi vinashika moto haraka.

Na ile oili chafu ya magari je? Najua wengi tunapaka. Kwenye nguzo za uzio huko nje, sawa. Lakini kitanda, kiti, meza ya chakula, hapana. Oili ile ina uchafu wa injini, haikauki vizuri, inashika ngozi na nguo, na nyumba nzima inanuka.

JAMBO LA TANO: KITANDA

Kitanda cha kamba vijana wanakidharau. Lakini mifumbati, yaani zile mbao ndefu za ubavuni, na matendegu yake yakiwa mazima, kitanda kile ni kipya. Kinachotakiwa ni kukiwamba upya. Kata kamba zote kuukuu uzichome, maana ndimo kunguni wanamojificha. Kitoe nje, mwagia maji yanayochemka kwenye kila tundu na kila kiungo, polepole, maji yaingie ndani. Kiache kikauke kabisa. Ziba nyufa kwa ule uji wa gundi na vumbi la mbao, ili mdudu akose nyumba. Ndipo uwambe kwa kamba ya katani au ya ukindu. Wazee wetu hapa wanajua kuwamba, na wameniambia hakuna kijana aliyekuja kuwauliza kwa miaka mingi. Ujuzi ule ukizikwa nao, tutakwenda kuununua mjini.

Na sofa langu lililoanguka? Sikulitupa. Nilitoa kitambaa, nikang'oa mbao mbovu, nikaweka mbao za mkaratusi zilizokauka vizuri, nikaziunga kwa gundi na skrubu. Chini ya mito nikasuka kanda za mpira wa ndani wa gari, moja juu moja chini kama mkeka, nikazikaza kwa misumari yenye vichwa vipana. Mke wangu akashona foronya za kitenge. Sasa linakaliwa. Mkwe bado hajarudi, lakini tumemwita.

Hata kiti cha plastiki kilichopasuka kinashonwa. Toboa matundu pande mbili za ufa kwa msumari uliopashwa moto, ukae upande unakotoka upepo usivute moshi ule, kisha shona kwa waya mwembamba na ncha zake uzikunje chini zisichane nguo.

HESABU YAKE

Sasa gharama. Nasoma kama nilivyoandika kwenye daftari langu, kwa bei za dukani kwetu, kwa viti 3 na meza:

Msasa karatasi 6, shilingi 6,000.
Gundi, shilingi 6,000.
Misumari na skrubu, shilingi 2,500.
Vanishi lita 1, shilingi 15,000.
Tina nusu lita, shilingi 4,000.
Brashi, shilingi 2,000.
Fundi, nusu siku ya kunielekeza, shilingi 10,000.
Jumla, shilingi 45,500.

Mito tulijaza sufi ya mti wetu wenyewe, na vitambaa ni kanga zilizochakaa. Linganisheni na zile 600,000. Ni mara 13 na zaidi. Shilingi 45,500 haifiki hata bei ya gunia moja la mahindi wakati wa mavuno. Yaani ningeuza gunia moja, chenji ikabaki, na magunia 7 yangekuwa ghalani mwezi wa 2.

Mtu ataniuliza, katibu, unatukataza tusinunue vitu vizuri? Hapana. Anayeweza anunue, jasho ni lake. Ninachosema ni kwamba mtu asiuze chakula cha watoto kwa ajili ya kukaa vizuri. Chakula kwanza, na kiti kipo, kimelegea tu.

OMBI LANGU KWA USHIRIKA

Nimefika kwenye jambo lenyewe. Katika makisio ya mwaka huu bodi imeweka shilingi 480,000 za kununua viti vipya vya ofisi. Mimi nilikuwepo, na nilinyoosha mkono kukubali. Leo nauteremsha mkono ule mbele yenu. Nyuma ya magunia humu ghalani kuna mabenchi 9 ya mkongo, yamelegea miguu. Nimeyakagua moja moja. Mabenchi 7 yanataka gundi na kubanwa tu, 2 yanataka miguu mipya. Fundi amesema atasimamia, sisi tutoe mikono.

Naomba fedha zile zisiende dukani. Tukitoa kiasi kidogo cha gundi, msasa na vanishi, zinazobaki tununue mahindi wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, tuyaweke humu. Mwezi wa 2 mwanachama aliyepungukiwa ayapate hapa kwa bei ya haki, asizunguke kama nilivyozunguka mimi. Hayo mtayaamua nyinyi kwa kura katika mkutano ujao. Mimi nimetoa hoja tu, na asiyekubaliana nami asimame aseme, ndiyo ushirika.

Mimi shule sikumaliza, mnajua. Kusoma nilijifunza katika darasa la watu wazima nikiwa tayari nina ndevu. Mama huwa ananisimulia kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Anasema watu walikaa vikundi vikundi wakisikiliza redio, mmoja akiwasomea kitabu, kisha wakajadiliana. Lakini hawakuishia hapo. Waliinuka wakachukua majembe wakaenda kuchimba vyoo. Nasi tusikilize hivyo hivyo, tuinuke.

Kwa hiyo Jumamosi ijayo, saa 2 asubuhi, kila nyumba ilete hapa ghalani kitu kimoja kilicholegea. Kiti, meza, kigoda, hata kibao cha mbuzi. Mwenye msumeno alete msumeno, mwenye mpira wa baiskeli uliokufa aulete, mwenye mikono alete mikono. Wazee wanaojua kuwamba tutawawekea kivuli na uji. Vijana wa kike na wa kiume waje wote, randa halichagui mwenye kulishika.

Namalizia. Nyumbani kwangu sasa jioni tunakaa mezani kwa baba. Viti ni 3. Mama ana chake, mke wangu ana chake, na cha tatu ni cha mgeni. Juzi mjukuu akaniuliza, "Babu, mbona wewe unakaa kwenye kigoda?" Nikamwambia kiti changu nilikipasua kuni. Akacheka, akadhani ni utani.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ndugu wanaushirika, ufa tunauona. Gundi ipo dukani.

Tukutane Jumamosi.